Kabla Hujanunua Kompyuta Mpya, Iongezee SSD Ile ya Zamani



Wazazi wapendwa na wanafunzi wetu, katika nyumba nyingi za hapa Juba kuna kompyuta ya mezani iliyofunikwa kitambaa. Ilinunuliwa miaka kumi au zaidi iliyopita, ama ilitoka katika ofisi iliyokuwa ikibadilisha vifaa vyake, ikafanya kazi vizuri kwa muda, kisha ikaanza kuwa nzito. Leo ukiiwasha unaweza kwenda kutia udhu, ukaswali rakaa mbili za sunna, ukarudi ukaikuta bado inazungusha kile kiduara chake. Watoto wameshaikatia tamaa. Baba anasema imezeeka, inunuliwe nyingine. Mama anauliza pesa zitoke wapi.

Maoni yangu ni kwamba isinunuliwe nyingine, angalau si sasa. Nyingi katika kompyuta za namna hii hazina ugonjwa mkubwa ila diski. Ikiongezwa SSD ndogo, ikawa ndiyo diski ya kuwashia na ya kuweka programu, na ile diski ya zamani ikabaki humo humo kwa ajili ya faili, mashine itafaa tena kwa miaka kadhaa, in shaa Allah, kwa gharama ambayo ni sehemu ndogo tu ya bei ya kompyuta mpya. Na jambo hili lina maana zaidi kwetu sisi wa Juba kuliko kwa mtu wa Nairobi au London ambaye umeme wake haukatiki.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Ndani ya diski ya zamani mna sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na mkono mdogo unaokwenda huku na huku juu yake ukitafuta kilichoandikwa. Kila mkono ule unapohama hutumia kiasi cha milisekunde 10 au zaidi. Utasema huo ni muda mdogo. Lakini Windows inapowaka haisomi faili moja ndefu, inasoma maelfu ya vifaili vilivyotapakaa kila pembe ya diski, na mkono unaweza kufanya safari kama 100 tu kwa sekunde. Wakati huo huo kinga ya virusi imeamka, masasisho yameamka, na kila kimoja kinaugombea mkono ule ule. Ni kama ofisi yenye karani mmoja na foleni mpaka nje ya geti. Hata ukimletea mkurugenzi hodari kiasi gani, foleni iko kwa karani.

SSD haina sahani wala mkono. Ni chipu tupu, jamaa wa zile zilizomo ndani ya flashi na simu zetu, uvumbuzi wa Mjapani Fujio Masuoka alipokuwa na kampuni ya Toshiba miaka ya 1980. Kifaili popote kilipo kinafikiwa kwa sehemu ndogo ya milisekunde moja. Ndiyo maana mashine iliyokuwa ikichukua dakika kadhaa kutulia huwa tayari kwa muda wa chini ya dakika moja, na prosesa ni ile ile, RAM ni ile ile.

Hapa kuna neno moja ambalo wauzaji hulitumia, na nataka mlijue. Wanasema, "Mashine yako ni ya zamani, SATA yake ni ya kizazi cha pili, SSD haitaleta faida, nunua hii mpya." Ni kweli kwamba SATA ya pili haipitishi zaidi ya megabaiti 300 kwa sekunde, na ya tatu hufika 550 hivi. Lakini diski ya kuzunguka yenyewe hupata kama 100 hadi 150 tu inaposoma mfululizo, na ikisoma vifaili vidogo vidogo huanguka mpaka chini ya megabaiti mbili. Faida ya SSD ipo hapo kwenye vifaili vidogo, na kwa kazi hiyo hata SATA ya pili ni barabara pana.

Sasa tuje kwetu. Tangu kabla ya uhuru wa 2011 na kwa miaka mingi baada yake mji huu umeishi kwa jenereta. Nchi inachimba mafuta ghafi, yanapita kwenye bomba hadi Port Sudan, kisha petroli tunayoitumia sisi inakuja kwa malori kupitia Nimule. Novemba 2019 ulizinduliwa mtambo wa kampuni ya Ezra, awamu ya kwanza ya megawati 33, na mitaa iliyofikiwa na nyaya za JEDCO ikapata nafuu. Hata hivyo si kila nyumba imeunganishwa, na iliyounganishwa si kila siku ina pesa ya umeme. Wengi tunaishi kwa kuchanganya, sola kidogo, jenereta kidogo, au waya wa kutoka kwa jirani anayewasha saa 1 jioni na kuzima saa 3 usiku.

Chukua nyumba ya wanafunzi wanne yenye saa hizo mbili za umeme. Ukigawa kwa haki, kila mmoja ana nusu saa. Kompyuta inakula dakika nane mpaka itulie. Umeme ukikatika katikati inakula nane nyingine, na mara nyingi baada ya kuzimika ghafla Windows huamua kuikagua diski yote, nanyi mnakaa mnatazama asilimia zikipanda. Ongeza kusubiri programu ya kuandikia ifunguke, kusubiri faili lifunguke, kusubiri lihifadhiwe. Zamu ya mtoto mmoja kati ya wanne imeyeyuka. Na tusidanganyane, inayoyeyuka si zamu ya kaka mkubwa. Ni ya yule mdogo, au ya binti aliyekuwa jikoni wakati wenzake wamekaa kwenye kiti, akaja mikono bado ina majimaji akakuta jenereta inazimwa.

Wapo wanaoipiga hesabu hii kwa petroli. Dakika tano za kusubiri kila siku ni saa mbili na nusu kwa mwezi, na jenereta ndogo ya nyumbani hunywa lita nusu au zaidi kwa saa, kwa hiyo, wanasema, SSD itajilipa yenyewe. Mimi siiegemei hesabu hiyo. Jenereta haiwashwi kwa ajili ya kompyuta peke yake. Kuna taa, kuna friji, kuna simu za nyumba nzima zinazochajiwa. Petroli ingechomwa vile vile. Kinachookolewa ni ile nusu saa ya binti.

Na nyumbani kumekuwa darasa kuliko tulivyotarajia. Machi 2024 serikali ilifunga shule nchi nzima kwa sababu ya joto lililotabiriwa kufika nyuzi 45, na Februari 2025 zikafungwa tena kwa wiki mbili baada ya wanafunzi kuzimia kwa joto hapa Juba. Siku kama hizo mwenye kitu nyumbani huendelea kusoma na asiye nacho hukaa.

Najua jawabu la vijana. "Ya nini kompyuta ya mezani zama hizi? Tununulieni laptopu, ina betri yake." Hoja yao ni ya kweli, katika mji wa umeme wa kukatika betri ni neema. Nyumba yenye uwezo na inunue. Vile vile mwenye sola ndogo peke yake, ushauri wangu haumfai sana, kwani kompyuta ya mezani pamoja na kioo chake inaweza kula wati 100 mahali ambapo laptopu inakula theluthi yake. Lakini wengi wetu tukisema laptopu tunamaanisha laptopu moja, na laptopu moja ina tabia ya kuwa ya mtu mmoja. Kaka akipata nafasi chuoni, hapa au Kampala, anaondoka nayo, wadogo wanabaki watupu. Kompyuta ya mezani haiendi popote. Inakaa sebuleni, kioo chake kinaonekana na kila apitaye, na mama anajua mtoto anatazama nini bila ya kumpeleleza. Ama simu, sijamwona bado mtoto aliyeandika insha ya kurasa sita kwa kidole gumba akaimaliza bila kuhamia kwenye video.

Zaidi ya hayo, kuanzia mwishoni mwa 2025 bei za chipu za kumbukumbu zimepanda duniani, kwa kuwa vituo vikubwa vya akili bandia vinazinunua kwa wingi. SSD nazo zimepanda, sikatai, lakini kompyuta nzima mpya imebeba kupanda kwa RAM na kwa SSD yake pia. Ndiyo sababu nashauri ndogo. GB 240 au 256 zinatosha kabisa kwa mfumo na programu; picha na masomo yatakaa kwenye diski ya zamani.

Kabla ya kununua, angalieni mambo mawili. La kwanza ni RAM. Mashine yenye GB 2, SSD peke yake haitaiokoa; iwe na 4 angalau, 8 ndiyo raha. La pili ni afya ya mashine yenyewe. Ikiwa inajizima ovyo, au ukiifungua unaona vile vikopo vidogo vya kapasita kwenye mazabodi vimevimba vichwa, msitie pesa humo. Mashine hiyo imekwisha.

Kazi yenyewe ni ya saa moja na haihitaji fundi. Kwa kompyuta nyingi za miaka ya 2010 hadi 2016 hivi, inayotakiwa ni SSD ya SATA ya inchi 2.5. Zile nyembamba kama ubao wa chingamu zina tundu lake maalumu ambalo mashine nyingi za zamani hazina. Chomoa umeme kabisa, fungua sanduku (lile tunaloliita CPU, ingawa CPU ni chipu moja tu ndani yake), gusa chuma cha sanduku kutoa umeme wa mwilini, kisha tafuta tundu la SATA lililo wazi kwenye mazabodi na waya wa umeme wa SATA ulio wazi. Kama hakuna, chomoa nyaya za kile kisomeo cha DVD ambacho pengine hakijatumika tangu watoto wajue YouTube. SSD ni nyepesi na haina kinachozunguka ndani, kwa hiyo hata ikikosa kishikio chake maalumu, skrubu mbili au gundi ya karatasi ya pande mbili itaishika.

Sasa swali la kuhamisha. Unaweza kunakili Windows yote kama ilivyo kutoka diski ya zamani kwenda SSD, zipo programu za kazi hiyo, na wengi hupenda hivyo kwa kuwa kila kitu kinabaki mahali pake. Mimi napendelea kuweka upya. Windows ya miaka kumi imebeba takataka za miaka kumi, na ukiinakili unahamia nyumba mpya na jaa lako. Ukiweka upya, zingatia jambo moja ambalo limewasumbua wengi. Chomoa diski ya zamani kwanza, ibaki SSD peke yake. Usipofanya hivyo, kisakinishi cha Windows kinaweza kuweka Windows kwenye SSD na sehemu ya kuwashia kwenye diski ya zamani, na siku diski ya zamani ikifa, SSD nzima haiwaki. Ndani ya BIOS hakikisha pia kwamba SATA imewekwa AHCI kabla ya kusakinisha. Kisha, kila kitu kikienda sawa, rudisha diski ya zamani, rudi BIOS, weka SSD iwe ya kwanza kuwaka, basi.

Kuhusu leseni msiwe na wasiwasi. Windows 10 na 11 zilizosajiliwa kihalali hufungamana na mazabodi, hivyo kubadili diski hakuziondoi. Tatizo ni jingine. Windows 10 ilikoma kuhudumiwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, ikabaki nafasi ya kujiandikisha kupata masahihisho ya usalama kwa mwaka mmoja zaidi. Windows 11 kwa upande wake huzikataa rasmi mashine nyingi zilizotengenezwa kabla ya 2017 hivi, hata ziwe na nguvu namna gani. Hapo ndipo wengine wanapokimbilia Windows ya kuibia inayouzwa kwenye flashi sokoni, na pamoja nayo wananunua virusi. Kwa mashine ya wanafunzi nashauri Linux Mint au Ubuntu, ni ya bure na ni halali, inatumia LibreOffice inayofungua na kuhifadhi hati za Word, na juu ya SSD inakimbia vizuri sana. Kwa wiki moja watoto watalalamika. Baada ya hapo hawatakumbuka, kwa sababu wanachokitaka wao ni kivinjari na mahali pa kuandika.

Faida ya kuifanya kazi hii nyumbani haiko kwenye pesa ya fundi tu. Ndani ya diski ile kuna picha za harusi, za akina mama na mabinti wakiwa nyumbani bila ya mtandio, kuna barua, kuna nakala za vyeti. Mashine ikipelekwa dukani na kulala huko siku tatu, stara ya nyumba imelala huko pia. Simtuhumu fundi yeyote. Lakini kama ni lazima iende, basi ng'oeni kwanza diski ya zamani ibaki kabatini, fundi apewe sanduku na SSD tupu. Kazi yake haihitaji zaidi ya hapo. Na jambo hili litawaepusha pia na lile balaa jingine, la fundi "kuisafisha" diski isiyo yenyewe na kurudisha mashine yenye kasi na isiyo na kumbukumbu hata moja ya familia.

Tahadhari kubwa ya sokoni ni feki. SSD nyingi zinazofika Konyo Konyo na Kastom zimepitia mikono mingi, Dubai, Nairobi, Kampala, na njiani huchanganyika na zisizo za kweli. Feki ya kawaida ni ile iliyoandikwa GB nyingi kwa bei ya ajabu, na ndani yake mna kikadi kidogo cha kumbukumbu kilichodanganywa kijitangaze kuwa kikubwa. Ukiichomeka inaonyesha ukubwa ulioandikwa, unaipakia, inapokea. Ikishajaa ile nafasi ya kweli, kinachofuata kinapotea kimya kimya, na hutajua mpaka siku utakapokitafuta. Dawa yake ni kuijaribu ikiwa bado tupu. Programu ya bure ya H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Linux, huijaza diski yote kisha husoma tena kuhakikisha kilichoandikwa ndicho kilichosomwa. Inachukua muda. Kubaliana na muuzaji mapema kwamba utaijaribu na kwamba ikishindwa anaipokea. Asiyekubali sharti hilo ameshakujibu. Na ukimwagiza mtu akuletee kutoka mtaa wa Luthuli kule Nairobi, mwambie aijaribu akiwa huko huko.

Jambo zuri ni kwamba SSD halisi haiogopi safari. Barabara ya Nimule ina lami tangu 2012, lakini barabara nyingine za nchi hii tunazijua, na diski ya kuzunguka iliyotikiswa siku nzima juu ya lori inaweza kufika imekufa. SSD inafika salama.

Nimesema wauzaji hawataji hatari, nami nisifanye kama wao. Diski ya kuzunguka inapoanza kufa mara nyingi hupiga kelele, inakwaruza, inagonga, inakuwa nzito zaidi. Unapata nafasi ya kuokoa. SSD inaweza kuwa nzima usiku na asubuhi isionekane kabisa. Tena umeme ukikatika wakati inaandika, SSD za bei ya chini hazina akiba ya umeme ndani ya kumalizia kazi, na kinachoandikwa wakati huo kinaweza kuharibika, mara chache hata SSD yenyewe. Kwa hiyo UPS ndogo, hata ya dakika tano, ni sehemu ya mashauri haya. Dakika tano zinatosha kuhifadhi na kuzima kwa adabu, kwa sababu kompyuta yenye SSD inazima upesi kama inavyowaka. Pia SSD si kabati la kumbukumbu. Ikiachwa bila umeme muda mrefu, hasa iliyochakaa na mahali pa joto, chaji iliyoshikilia maandishi hupungua kidogo kidogo. Joto la Juba hatuna haja ya kuelezana. Msiijaze picha za familia mkaitia droo miaka mitatu mkadhani mmehifadhi.

Haya niliyoyasema kuhusu nyumba yanazihusu madrasa zetu na shule zetu pia, na hapa nataka kuwaambia wenye kukusanya michango. Kila baada ya muda linapita changizo la kununua kompyuta mpya, na chumba cha nyuma zimepangwa kompyuta tano au sita zilizotolewa sadaka na watu wema, zina vumbi, zinaitwa mbovu. Hazikuchunguzwa. Mtu aliziwasha mara moja, akasubiri, akachoka. Majirani zetu wamelifanyia kazi jambo hili zamani. Kule Kenya shirika la Computers for Schools Kenya lilianzishwa 2002 kwa kazi hasa ya kukusanya kompyuta zilizotumika, kuzitengeneza na kuzipeleka mashuleni. Naomba kabla ya changizo lijalo inunuliwe SSD moja tu. Wapewe vijana wawili wa sekondari na bisibisi, wachague mashine moja katika zile mbovu, waifanyie majaribio mbele ya kamati. Ikifaulu, hesabu ya changizo itabadilika yenyewe, na hao vijana wawili watakuwa wamejifunza kazi ambayo kila duka mjini linailipia.

Limebaki moja. Kompyuta ikishapata SSD huonekana mpya, na hapo ndipo watu wanaposahau kwamba ile diski ya pili ndani yake, yenye picha na nakala za vyeti, ina umri ule ule wa miaka kumi na zaidi. Katika mji huu, baada ya Desemba 2013 na tena Julai 2016, ziko familia zilizorudi nyumbani wasikute hata cheti kimoja cha kuzaliwa, na kilichowaokoa baadhi yao ni nakala iliyokuwa kwa jamaa aliye mbali. Kwa hiyo siku hiyo hiyo mnapofungua sanduku, kabla ya kugusa skrubu yoyote, nakilini vyote kwenye diski ya nje. Kisha someni afya ya diski ya zamani kwa programu ya bure ya CrystalDiskInfo. Ikionyesha rangi ya njano au nyekundu, hiyo isitunze tena chochote cha pekee. Na ile diski ya nje isikae juu ya meza pamoja na kompyuta. Mpeni shangazi anayesafiri Kampala akaiweke kwake, kila Idi muisasishe.